BARAZA YETU NA WASIO NA PA KULALA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekulia katika uyatima, akauhama mji wake, akawapenda masikini na kukaa nao. Ama baada ya hayo:



Kila mwaka katika jarida letu hili tumezoea kuandika juu ya matokeo ya mitihani, mashindano ya kuhifadhi Qur'ani na safari ya Maulidi. Mwaka huu tumeonelea tuanze na jambo lililotokea mlangoni petu wenyewe, hapa Mombasa. Tunaliandika si kwa kumlaumu mtu mwingine, bali kwa kujilaumu sisi walimu na wanafunzi, ili nawe upate zingatio kabla halijakufika.

Wengi wenu mwamkumbuka yule mzee aliyekuwa akilala kwenye baraza ya madrasa yetu. Alikuwa akifika baada ya sala ya Isha, mlango ukishafungwa. Hutandika katoni mbili, huweka mfuko wake wa gunia kichwani, akalala. Kabla ya Alfajiri alikwisha amka, katoni kazikunja na kuzisunda nyuma ya tangi la maji, na mara nyingi majani ya mwarobaini yalikuwa yamekwisha fagiwa. Sisi tukifika asubuhi tukidhani amefagia mlinzi. Mlinzi naye akidhani tumemlipa mtu.

Wanafunzi walimpa jina: Bwana Katoni. Wapo waliokuwa wakimpigia kelele wakipita. Usiku mmoja wa darasa la Ramadhani, vijana wawili wakubwa walimmwagia maji kutoka dirisha la ghorofani, wakacheka. Mwalimu wa zamu alikisikia kicheko. Hakutoka nje kuuliza.

Katika mvua za masika, mwezi wa Mei, mwadhini alimkuta mzee yule amefariki pale pale barazani. Polisi waliitwa, maiti ikachukuliwa, siku zikapita wala hakutokea jamaa. Likaulizwa swali: huyu alikuwa Muislamu? Mwadhini akatoa ushahidi kwamba alikuwa akimuona Alfajiri katika safu ya nyuma. Basi kibali kikapatikana, akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, tukaenda kuzika.

Baada ya kufukia, ustadh alikaa upande wa kichwa kusoma talqini kama ilivyo desturi yetu. Akainua uso akauliza, "Marehemu ni nani, mwana wa nani?" Tulikuwa watu kama ishirini. Hapana aliyejibu. Mtoto mmoja alianza kusema, "Bwana Ka...", kakaye akamfinya mkono. Ikabidi ustadh amwite kwa jina la mja wa Allah, mwana wa Hawa.

Ndugu msomaji, mtu yule amelala mlangoni petu zaidi ya mwaka mmoja. Amelala hatua kumi kutoka kwenye ubao ambao tunawasomesha watoto majina tisini na tisa ya Allah, nasi hatukumuuliza jina lake moja.

RAI ILIYOTOLEWA

Haikupita muda, ikatolewa rai katika kikao cha wazazi kwamba baraza izungushiwe vyuma na kutiwa kufuli, ili "jambo kama lile lisitokee tena". Wazazi kadhaa waliiunga mkono na baadhi yao wameahidi mchango. Hatuna shaka na nia yao. Wanawaonea watoto wao uchungu, na sisi ni hivyo hivyo. Lakini rai yetu ni nyingine, na tunaomba tusikilizwe. Jambo ambalo halifai kutokea tena si mtu kulala barazani. Ni mtu kufa barazani bila ya kujulikana.

NI NANI HAWA WANAOLALA NJE?

Ni rahisi kusema "machokora" ukamaliza maneno. Neno lenyewe kwa wengi lina maana ya mtu anayepekua jaani. Lakini hakuna aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Sensa ya familia za mitaani iliyofanywa Kenya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639. Nairobi peke yake walikuwa 15,337, na mji wetu wa Mombasa ukafuata kwa watu 7,529. Hao si watu wa kabila moja wala dini moja. Wamo watoto, wamo kina mama wenye vichanga, wamo wazee wa umri wa babu zenu.

Na sababu zilizowatoa majumbani mwao ni zile zile tunazozisikia katika mitaa yetu. Baba amekufa na ndugu wamegawana nyumba. Mama ameachwa hana pa kurudi. Mtoto amekimbia kipigo cha mzazi wa kambo. Mpangaji ameshindwa kodi ya miezi mitatu, vitu vikatolewa nje. Mgonjwa wa akili, jamaa zake wamechoka naye. Wengine walitolewa makwao na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007 wakapoteza kila kitu. Wahenga wetu walisema: hujafa hujaumbika. Hapana baina yetu aliyeandikiwa hati ya kwamba atakufa kitandani mwake.

Kuna wakati hata sheria iliwahesabu watu hawa kuwa wahalifu. Tulirithi kutoka kwa ukoloni sheria ya uzururaji, ambayo mtu aliweza kukamatwa kwa sababu tu hana makao wala kazi ya kueleweka. Kenya iliifuta sheria hiyo mwaka 1997. Tarehe 4 Disemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zilizobaki nazo zizifute au zizirekebishe. Basi ikiwa mahakimu wamesema kukosa nyumba si kosa, itakuwaje sisi watu wa kibla tuwe tungali tunamhukumu mtu kwa katoni yake?

MADRASA YA KWANZA ILIKUWA BARAZA

Enyi wanafunzi, katika somo la Sira mmesoma habari ya Watu wa Suffa. Lakini tuwaulize: Suffa ilikuwa nini? Ilikuwa ni sehemu yenye kivuli nyuma ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. Hapo walikaa na kulala masahaba wasiokuwa na nyumba, wala mali, wala jamaa wa kufikia. Idadi yao ilikuwa ikiongezeka na kupungua: mtu akija huongezeka, akioa au akipata kazi huondoka. Kwa lugha yetu ya leo, walikuwa ni watu wasio na makao, wamelala katika baraza ya msikiti.

Na nani alikuwa miongoni mwao? Abu Huraira (R.A.), mtu aliyetoka kabila la Daws huko Yemen, ambaye njaa ilimfikisha pahala pa kuanguka chini na watu wakamdhania ana wazimu. Huyu ndiye aliyekuja kuwa sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote. Kila siku katika madarasa yetu tunasema, "Amepokea Abu Huraira." Tunamnukuu mtu aliyelala barazani, kisha tunataka kuizungushia vyuma baraza!

Hebu tuizingatie hadithi ya bakuli la maziwa. Abu Huraira alikuwa na njaa kali, na Mtume (S.A.W.) akamtambua kwa kumtazama usoni tu. Nyumbani mlikuwa na maziwa yaliyoletwa zawadi. Mtume (S.A.W.) akamtuma akawaite Watu wa Suffa wote kwanza. Abu Huraira alisononeka moyoni akaona maziwa hayatamfikia. Wakaja, wakakaa, wakanywa mmoja baada ya mwingine mpaka wakatosheka, kisha akanywa yeye mpaka akashiba, na Mtume (S.A.W.) akanywa mwisho. Tazameni mambo mawili hapa. La kwanza, waliitwa ndani wakakaa, hawakutupiwa mlangoni. La pili, mwenye nyumba ndiye aliyekunywa mwisho.

Iko na hadithi nyingine inayotuchoma zaidi sisi. Alikuwepo mwanamke aliyekuwa akiusafisha msikiti wa Mtume (S.A.W.). Akafariki usiku, watu wakamzika bila ya kumwambia Mtume, kana kwamba wameliona jambo lake ni dogo. Mtume (S.A.W.) alipomkosa aliuliza habari zake. Alipoambiwa amekufa, aliwauliza mbona hawakumpa habari, akataka kuonyeshwa kaburi lake, akaenda akamsalia hapo. Mtume wa Allah, mwenye mzigo wa umma mzima, aliona pengo la mtu mmoja anayefagia. Na sisi tulikuwa na mfagiaji wetu, tukadhani ni mlinzi.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Tumekaa na wazazi na kuwasikiliza. Hoja zao si za kupuuzwa, nasi tunazijibu kwa adabu.

Wapo wasemao: hapa ni pahala pa ibada na twahara, na hao ni wachafu. Ni kweli kwamba twahara ni lazima. Lakini uchafu wa mwili huondoka kwa ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na maji tunayo. Mtu hawi mchafu kwa kupenda. Huwa mchafu kwa kukosa pa kuogea. Anayechukia uchafu na afungue bomba.

Wapo wasemao: wengi wao wanavuta gundi na unga, ni wezi. Hatukatai kwamba wamo. Lakini tuulizane kwa ukweli: vijana wa unga wote wanalala nje? Hamna ndani ya nyumba zetu wenyewe, tukawasitiri kwa kuwa ni wana wetu? Uraibu ni ugonjwa na una tiba. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011, na hapa Pwani, Malindi na Kisauni walianza mwaka 2015. Wapo waliotumia dawa hiyo wakarudi kazini na kwa watoto wao. Kijana wa namna hii anahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka kliniki, na mshika mkono hapatikani katika watu wanaomrushia mawe.

Wapo wasemao: ukimpa leo, kesho watakuja kumi, kuomba kumekuwa kazi. Ni kweli pia kwamba Uislamu haukupenda mtu ageuze kuomba kuwa biashara, na wahenga wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini methali hiyo tunaikata kichwa. Kwanza ni zile siku mbili za kumkirimu. Na siku ya tatu haisemi mfukuze. Yasema mpe jembe. Jembe tumempa nani?

Wapo wasemao: wengine si Waislamu. Na iwe hivyo. Sura ya Al-Insan imewasifu waliowalisha masikini, yatima na mateka, na mateka wa zama zile hawakuwa Waislamu. Njaa haina dini.

Na ipo hoja moja ambayo tunaikubali kikamilifu: usalama wa watoto. Watoto wenu ni amana mikononi mwetu, na amana hiyo hatutaicheza kwa jina la huruma. Ndiyo maana hatusemi milango iachwe wazi ovyo. Tunasema pawe na utaratibu.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza kwa kamati na wazazi mambo yafuatayo:

1. Baraza isizungushiwe vyuma. Ifunguliwe kwa watu wazima wasio na pa kulala baada ya Isha mpaka adhana ya Alfajiri, mlinzi akiwepo. Saa za darasa na za darsa za usiku asikae mtu. Ndani ya madrasa asilale mtu yeyote.

2. Mlinzi awe na daftari. Kila anayelala aulizwe kwa upole jina lake, jina la mama yake, kwao ni wapi, na nani apewe habari likimfika jambo. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Daftari hilo bei yake ni ndogo kuliko kufuli moja, na lau tungekuwa nalo, tungejua la kujibu kaburini.

3. Fedha zilizoahidiwa kwa ajili ya vyuma zinunue mikeka, mablanketi, ndoo na sabuni. Sura ya Al-Maun, ambayo watoto wa darasa la kwanza wanaisoma kwa moyo, imewakemea wanaosali huku wamezuia msaada mdogo. Na wanazuoni wameeleza kwamba miongoni mwa maana za neno hilo ni vyombo vidogo vidogo vya nyumbani, kama ndoo na chungu. Hatuombwi majumba. Tunaombwa ndoo.

4. Mtoto akionekana analala nje, asilazwe barazani na watu wazima wala asifukuzwe. Mwalimu apewe habari mara moja, na ipigwe simu nambari 116, ya bure, ya kuwasaidia watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imemhesabu mtoto anayeishi mtaani kuwa mhitaji wa matunzo na ulinzi, si mhalifu.

5. Katika kugawa Zaka, tukumbuke kwamba mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba yamo mafakiri na masikini mwanzo, na mwishoni yumo mwana njia, msafiri aliyeishiwa akakwama. Huenda yule anayelala sokoni Marikiti anataka nauli ya kurudi kwao tu, na nauli hiyo sisi tumempa aliye jirani yetu mwenye nyumba.

Na nyinyi wanafunzi, yenu ni haya. Ukipita penye mtu amelala, usipige kelele. Ukimkuta amekaa, msalimu. Akiwa mzee mwambie shikamoo kama unavyomwambia babu yako, kwani umri wake haukupungua kwa kukosa nyumba. Usimwite chokora, wala usimbandike jina la mzaha. Sura ya Al-Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na aya hiyo haikusema isipokuwa kwa wasio na nyumba. Ukiwa na chakula, mpe kilicho kizima, si makombo uliyoyachoka. Usimpe mtu fedha peke yako gizani, wala usimfuate asikokujua mzazi wako. Nenda na mkubwa. Na ukimuona mwenzako anamdhalilisha, mkataze. Ukishindwa, njoo utuambie. Safari hii tutatoka nje.

Wazazi wetu watukufu, twajua kila Ijumaa mnatoa. Tunawaona wanaokaa mlango wa msikiti na wanaopita dukani, na shilingi zenu haziwakosi. Allah awalipe. Lakini shilingi inaweza kutupwa bila ya kumtazama mtu usoni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo huo unaanza kwa kuuliza, "Waitwa nani?"

Wale vijana wawili waliomwaga maji walikuja wenyewe kwetu baada ya maziko. Waliuliza wafanye nini, kwa kuwa mtu wa kumuomba radhi hayupo tena. Tuliwaambia watubie kwa Mola wao, wamuombee marehemu, na watoe sadaka kwa niaba yake. Tangu hapo wao ndio wanaofagia baraza kila asubuhi kabla ya darasa. Na yule mwalimu wa zamu aliyesikia kicheko asitoke ni miongoni mwetu tulioandika ukurasa huu. Naye hajui amuombe nani radhi.

Kikao cha kuamua juu ya vyuma hakijafanyika. Tunawaomba mje, mseme, na kabla ya kusema mkae kidogo barazani hapo mtazame mlango wetu kwa macho ya aliyekuwa akiutazama kila usiku umefungwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu mja wake yule, mwana wa mja wake, ambaye sisi hatulijui jina lake na Yeye analijua. Alifanye kaburi lake kuwa nyumba pana kuliko baraza yetu. Awape makao mema wote wanaolala nje usiku wa leo, atusamehe upungufu wetu, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaosali huku wamefunga milango. Amin.

Wabillahi tawfiq.